MOYO UNAPIGA NGAPI, MTU WANGU?

Kuna baiskeli moja hapa Korogwe haijawahi kufika hata Mtonga. Haina keria, haina kengele, haina tairi la kujaza upepo. Unaipanda, unanyonga mpaka jasho linaingia machoni, halafu unashuka palepale ulipopandia. Watoto wa mtaani wakichungulia dirishani wanacheka hadi wanakaa chini. Mzee mmoja jirani yetu aliniuliza kwa upole kabisa: "Sasa mjukuu wangu, nauli umekosa, ndiyo unasafiri kwa mawazo?"

Hiyo ndiyo baiskeli ya mazoezi, na iko sebuleni kwetu, Manundu, katikati ya kochi na kabati la vyombo. Wiki hii nataka tuongee habari zake, na hasa kitu kimoja kinachotokea kwenye kioo chake kidogo: mapigo ya moyo. Usikimbilie ukurasa wa udaku kwanza, subiri. Habari hii inamhusu mwenye kitambi, inamhusu asiye na kitambi, na inamhusu zaidi yule mwenye mama au baba aliyevuka miaka 60.

MJI WA BAISKELI, WATU WA KUKAA

Korogwe si mgeni wa baiskeli. Huu ni mji uliokulia kwenye reli ya Tanga na mashamba ya mkonge. Wazee wetu walikwenda kazini kwa miguu au kwa Phoenix, gunia la mahindi nyuma, mtoto mbele kwenye bomba. Hakuna aliyewaambia wafanye mazoezi. Maisha yenyewe yalikuwa mazoezi, tena bila siku ya mapumziko.

Leo mambo ni mengine. Ukitoka stendi unataka kwenda Majengo, bodaboda tatu zimeshawashwa kabla hujafungua mdomo. Vijana tunapanda pikipiki kwenda kununua vocha mtaa wa pili, halafu jioni tunashangaa suruali zinabana kiunoni. Tunasema fundi kakosea.

Mimi nina miaka 35 na duka la simu na steshenari karibu na stendi. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa mbili usiku. Mabasi ya Arusha na ya Dar yanapita, abiria wanashuka kutafuta chaja, mimi nimekaa. Chipsi zinaletwa, nimekaa. Soda inaletwa, nimekaa. Shati la harusi yangu ya mwaka 2019 lilifika mahali vifungo na matundu yake yakawa yanatazamana kwa mbali, kama wapenzi waliogombana.

Ningeweza kuishi na shati dogo. Kilichoninyanyua kwenye kiti ni kingine. Baba yetu alifariki mwaka 2011 kwa kiharusi, akiwa na miaka 58. Alianguka asubuhi akinawa uso, upande wa kulia ukalegea, maneno yakagoma kutoka, na siku ya tano tukamzika. Mtoto wa mtu aliyekufa hivyo akifikisha miaka 35 na kitambi juu, halali usingizi mzima. Asikudanganye mtu.

Basi bwana, mwaka jana familia moja ya mtaani ikahamishiwa Dodoma kikazi, wakawa wanauza vitu. Friji ilichukuliwa, kitanda kikachukuliwa, baiskeli ya mazoezi ikabaki uani inatazamwa kama mbuzi mwenye vichwa viwili. Nikaibeba kwa bei ya kuelewana.

NAMBA YA KIJIWENI

Ile baiskeli haihitaji umeme wa ukutani, na kwa hilo peke yake inastahili heshima. Ndani yake kuna gurudumu zito na sumaku inayolikaza ukizungusha kitasa. Kioo chake kinatumia betri mbili ndogo. Kwenye usukani kuna vibati viwili vya chuma. Ukivishika kwa viganja vyote viwili vinanasa ule umeme mdogo ambao moyo hutoa kila unapopiga, na baada ya sekunde chache namba inatokea: 96, 104, 118.

Hapo ndipo utamu ulipoanza. Kijiweni kila mtu ni daktari. Mmoja akasema ikifika 120 shuka, moyo utapasuka. Mwingine akasema bila 170 hujafanya kitu, unapunga upepo tu. Mwalimu wa mazoezi mmoja akaja na hesabu maarufu: chukua 220, toa umri wako, hicho ndicho kilele cha moyo wako.

Hesabu hiyo ina historia yake. Ilisambaa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kutoka kwa watafiti wawili wa Marekani, Samuel Fox na William Haskell. Walikusanya takwimu za tafiti kadhaa za watu waliopimwa wakifanya mazoezi, wakaona kilele kinashuka umri unavyopanda, wakachora mstari katikati. Ni mstari wa wastani. Mwaka 2001 watafiti wengine wa huko huko, akiwemo Hirofumi Tanaka, walipitia takwimu za watu wengi zaidi wakaja na hesabu nyingine: chukua 208, toa umri uliozidishwa kwa 0.7.

Tujaribu kwangu. Ya kwanza inanipa 185. Ya pili inanipa 183 na nusu. Karibu sawa. Kwa mama yangu mwenye miaka 64, ya kwanza inampa 156, ya pili inampa 163. Hapo zimeshaachana. Tena hata iliyo bora ni wastani tu: watu wawili wenye umri mmoja wanaweza kupishana mapigo 10, hata 20, na wote ni wazima wa afya. Kwa hiyo mtu akikwambia "kilele chako ni 185, ukifika 186 kwisha habari", mwambie asante, kisha mnunulie kahawa akae kimya.

Hata hivyo namba ina kazi yake. Mazoezi ya wastani ni yale yanayoupeleka moyo kati ya nusu na asilimia 70 ya kilele. Kwangu mimi hiyo ni kama 93 hadi 130. Mazoezi makali ni asilimia 70 hadi 85, yaani 130 hadi 157. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali. Chukua dakika 30 mara tano, umefika. Si mchezo kwa mwenye duka, lakini si mlima Kilimanjaro.

SAA YA MKONONI NA NDIZI

Mshikaji wangu mmoja akasema vibati vya usukani ni vya kizamani, akaniazima saa yake ya kisasa ya bei chee. Inaonyesha hatua, usingizi, mapigo, kila kitu isipokuwa pesa. Nikaivaa, nikanyonga. Nikifika kwenye jasho jingi inasema 74. Nikishuka kunywa maji inasema 141. Nikaona hapana. Nikaifunga kwenye ndizi moja nene ya Lushoto iliyokuwa mezani. Saa ikafikiri, ikamulika, ikatoa jibu: 81.

Mtu wangu, ndizi yetu ilikuwa na moyo mzuri kuliko wa kwangu!

Si uchawi. Saa hizi zinamulika taa ya kijani kwenye ngozi. Damu inapopita kwa mapigo, mwanga unaorudi unapungua na kuongezeka, na saa inahesabu huko kupungua na kuongezeka. Ikikosa mapigo ya kweli, saa isiyo makini inaweza kuokota mtikisiko wowote wa mwanga na kuuita moyo. Mkanda ukilegea, jasho likijaa chini yake, mkono ukikunjwa kwenye usukani, namba zinakwenda kombo. Saa nzuri zipo na zinafanya kazi nzuri, lakini hata hiyo nzuri uifunge vizuri, kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo.

Wanamichezo wa kweli wanapenda mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo karibu na moyo wenyewe. Kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1977, ndiyo iliyotoa mwaka 1982 kipimo cha kwanza cha kuvaa kisichokuwa na waya. Kabla ya hapo mwanariadha alikuwa anasimama na kujishika shingo.

Na kujishika hakujapitwa na wakati. Ni bure, hakuna betri, hakuna bando. Geuza kiganja chako juu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba, kwenye kibonde kilicho kando ya mfupa. Usitumie kidole gumba, kina mapigo yake chenyewe, kitakuchanganya. Ukiwa umepumzika hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili. Ukiwa kwenye mazoezi hesabu sekunde 15, zidisha mara nne, na uhesabu mara tu unaposimama, maana moyo ukipata dakika moja ya kupumua unakuwa umeshashuka sana.

Mtu mzima aliyekaa ametulia, kawaida ni 60 hadi 100. Wakimbiaji wa mbio ndefu wengi wako chini ya 60, kwa sababu moyo uliofundishwa unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, hauna haja ya kuhangaika. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2 na dakika 9, tukashangilia miguu yake. Miguu hiyo ilikuwa inalishwa na pampu iliyofanya kazi miaka mingi.

JOTO LETU NALO

Aliyechora zile chati za mazoezi sidhani kama alikaa Korogwe mwezi wa pili, saa nane mchana. Sisi tuko chini huku karibu na Mto Pangani, wenzetu wa Lushoto wanavaa masweta juu milimani. Nilijipima mwenyewe: kasi ileile, kitasa palepale, muda uleule. Alfajiri namba ni 118. Mchana ni 136. Baiskeli haijabadilika, mimi sijabadilika.

Kilichobadilika ni kazi ya moyo. Mwili ukipata joto unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, na wakati huohuo miguu inadai damu yake. Jasho nalo linapunguza maji kwenye damu. Moyo ufanyeje? Unaongeza kasi. Ndiyo maana hata ukinyonga kwa mwendo mmoja nusu saa, namba inapanda yenyewe kidogokidogo. Dawa yake ni kunyonga alfajiri au jioni, kufungua madirisha, na kuweka chupa ya maji karibu.

Yako mengine yanayopandisha: homa, kukesha, kahawa nyingi, vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, damu pungufu. Homa peke yake huongeza kama mapigo 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukiamka una dalili za malaria ukasema ngoja nitoe jasho kwenye baiskeli, unautesa moyo bure. Nenda ukapime kwanza.

Kwa asiye na kioo wala saa, kuna kipimo cha mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukitoa neno mojamoja kama mtu anayekimbizwa, uko kwenye makali. Ukiweza kuimba taarabu beti zote na kibwagizo, kaza kitasa, ndugu yangu, unajizuga.

BI MKUBWA APANDA

Haya, sasa tufike kwenye kiini cha habari.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Anameza vidonge vya presha kila asubuhi, hakosi, anaviweka tiki kwenye daftari kama mahudhurio ya darasa. Baiskeli ilipoingia aliitazama kwa jicho la mkaguzi.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimenyonga baiskeli ya kweli kutoka Kwamndolwa kwenda kufundisha, mvua na jua. Sasa leo ninyonge ya uongo?"

Lakini kliniki ya presha walishamwambia atembee, na magoti hayapendi kutembea. Akawauliza kuhusu baiskeli, wakasema sawa, polepole, asijikamue. Basi ikawa kila jioni, kanga kiunoni, redio pembeni, dakika 15. Akapenda. Akawa ananifukuza: "Shuka, muda wako umekwisha."

Wiki ya tatu kioo kikaanza vituko. Mama akishika vibati, namba inasema 74. Kufumba na kufumbua 131. Halafu 88. Halafu 150. Halafu vistari, hakuna kitu.

Shemeji yangu alikuwapo. Akatoa hukumu palepale: "Mashine imekufa hii. Mtumba ni mtumba. Iuzeni kwa mtu wa vyuma chakavu." Na kusema kweli, baada ya habari ya ndizi, nani angembishia?

Nikapanda mimi. Nikashika vibati. 110, 112, 113, 112. Imetulia kama maji ya mtungini. Akapanda shemeji, naye ikatulia. Akarudi mama: 84, 139, 71, 122.

Sebule ikawa kimya. Mashine inayoharibika haichagui mtu wa kumharibikia.

Nikamwomba mama ashuke akae kwenye kochi. Nikamwacha apumzike robo saa, kisha nikamshika mkono. Msomaji, unajua mvua ya vuli inavyoanza kwenye bati? Tone moja. Kimya. Matone matatu kwa pamoja. Moja. Kimya kirefu. Mawili. Mapigo ya mama yalikuwa hivyo. Hayakuwa ya haraka sana, wala hayakuwa ya polepole. Yalikosa mpangilio kabisa. Nikahesabu dakika nzima, nikarudia. Asubuhi yake kabla hajatoka kitandani nikahesabu tena. Mvua ileile, bati lilelile.

"Mama, twende hospitali."

"Kufanya nini? Mimi siumwi. Jana nimepika, nimefua, nimekwenda msibani na nimerudi. Anayeumwa anafanya hayo?"

"Huumwi, mama. Twende tu wakatuandikie kwamba huumwi."

Mwalimu anaheshimu maandishi. Akavaa viatu.

KARATASI YENYE MISTARI

Hospitali walimlaza dakika chache, wakambandika vile vidude vya kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye mistari. Daktari, kijana wa umri wangu, akaitazama, akavuta kiti karibu na mama.

"Shikamoo mama. Nani alikwambia uje?"

"Marahaba baba. Baiskeli."

Akadhani hakusikia vizuri. Tukamweleza. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akatueleza kwa lugha nyepesi. Moyo una vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Vya juu vinatakiwa vibane kwa mpigo mmoja, vimwage damu chini. Vya mama havikuwa vinabana, vilikuwa vinatetemeka tu, kama mkono wenye baridi. Vyumba vya chini vikawa vinapokea amri za ovyo ovyo, ndiyo maana mapigo hayana mpangilio. Ni hitilafu inayowapata wengi wenye umri mkubwa, na presha ya miaka mingi ni mojawapo ya milango yake. Wengine wanasikia moyo unapapatika au wanachoka haraka. Wengine, kama mama, hawasikii lolote.

"Sasa kama hasikii lolote, hatari yake nini?" nikauliza.

Daktari akaeleza kwamba damu isiyosukumwa inatuama kwenye chumba cha juu. Damu ikituama inaganda. Donge likichomoka linasafiri, na mara nyingi linakwenda kichwani. "Hicho ndicho kiharusi," akasema. "Mtu mwenye moyo wa namna hii, hatari yake ya kiharusi ni kama mara tano ya asiye nao."

Mama hakuniangalia. Mimi sikumwangalia. Tulikuwa wote wawili kwenye asubuhi ile ya mwaka 2011, bafuni, maji yakiendelea kutiririka kwenye beseni.

Sijui kama moyo wa baba ulikuwa na mvua ya namna hiyo. Presha peke yake inatosha kuleta kiharusi, na baba alikuwa na presha. Hatutajua. Ninachojua ni kwamba safari hii donge halijachomoka, na mgonjwa alikuwa mbele yangu anabishana na daktari kuhusu kipimo kingine cha Tanga.

Tanga tukaenda, wakampiga picha ya moyo kwa mashine ile ya mawimbi, kama wanavyowapima wajawazito. Akarudi na dawa mbili mpya: moja ya kupunguza kasi ya moyo, nyingine ya kuzuia damu isigande. Bima yake ya ustaafu ikabeba sehemu kubwa. Hiyo ya damu, warfarin, ina masharti. Lazima apimwe damu mara kwa mara ili dawa isizidi wala kupungua. Asijinunulie ovyo vidonge vya maumivu dukani, maana vingine vikikutana nayo vinamwaga damu. Na mboga za majani zina vitamini inayopingana nayo, kwa hiyo ale, ila kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Hapo mama aliuliza swali moja tu, la mtu wa Tanga: "Na bada kwa mchunga?" Akaambiwa ruksa, usile sufuria zima leo halafu ukakaa mwezi bila kuonja. Akashukuru Mungu.

MWALIMU HASTAAFU

Sasa ni mwezi wa tano. Mama anaendelea na baiskeli kwa ruhusa ya daktari, dakika 20, kitasa kimelegezwa. Ile hesabu ya 220 haimhusu tena. Dawa ya kupunguza kasi inaushika moyo usipande, kwa hiyo hata akijitahidi namba inabaki chini, na kwa mapigo yasiyo na mpangilio vibati vinabahatisha. Daktari amemwambia atumie pumzi: aweze kuongea muda wote. Na hilo, nakuhakikishia, halijawahi kumshinda.

Ila ugonjwa wa kuhesabu umemwingia. Ana saa yake ya ukutani yenye mshale wa sekunde, ana daftari jipya. Mgeni akiingia, salamu, maji ya kunywa, halafu: "Lete mkono." Wajumbe wa kikoba wote wameandikwa. Mwanamke mmoja jirani alikutwa na 108 akiwa amekaa ametulia, mara tatu siku tatu tofauti. Mama akamwamuru aende kupima, ikaonekana damu pungufu, sasa anatibiwa. Yule mzee aliyeniuliza nauli naye aliletewa daftari nyumbani. Ana miaka 79, mapigo 64, yamepangika kama gwaride. Anajisifu mtaa mzima.

Mimi? Nilipoanza, asubuhi kabla ya kutoka kitandani nilikuwa na 84. Leo ni 70. Shati la harusi linafunga, ingawa nikila bado nafungua kifungo kimoja. Shemeji naye kaacha habari za vyuma chakavu. Juzi nilimkuta amepanda bila kuombwa.

KABLA HUJAFUNUA UKURASA

Huna baiskeli ya mazoezi? Usilie. Tembea kwa haraka mpaka darajani na kurudi, ruka kamba uani, chukua Phoenix ya babu ipakwe mafuta. Moyo hauulizi bei ya chombo.

Ukiwa na presha, kisukari, au umri umekwenda, waulize wataalamu kabla hujaanza. Ukiwa kwenye mazoezi kifua kikakubana, kizunguzungu kikakushika, jasho la baridi likakutoka, shuka, na usisubiri kesho kwenda hospitali. Na ukimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, msimpake mafuta wala msimwite fundi. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, kila dakika ina bei.

Na moja la mwisho. Leo usiku, ukimaliza kula, msogelee mzee wako. Mwambie akupe mkono, weka vidole viwili, hesabu dakika nzima. Atakuuliza umeanza lini udaktari. Mwache aulize, wewe endelea kuhesabu. Yakiwa yamepangika, mshukuru Mungu mwendelee na stori. Ukisikia mvua ya vuli kwenye bati, kesho asubuhi mvalishe viatu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.